Panga siti ukiwa umeshavaa helmeti: mwongozo kwa anayeanza mbio za magari

Mara yangu ya kwanza kwenye autokrosi, mbio za uwanjani za gari moja moja, niliingia na gari nililolijua kama kiganja changu, Toyota Starlet niliyokuwa nikienda nayo kazini kila siku. Siti sikuigusa. Ya nini, na ndiyo niliyoikalia miaka minne bila kulalamika? Nikavaa helmeti ya kuazima, nikafunga mkanda, nikaingia uwanjani. Kufika kona ya tatu nilikuwa naona boneti kuliko njia. Kila gari liliporuka kishimo, kiegemeo cha kichwa kiliisukuma helmeti kwa nyuma na kidevu kikashuka kifuani, kama abiria anayesinzia kwenye matatu ya alfajiri. Jioni shingo ilikataa kugeuka.

Nikailaumu helmeti. Fundi mmoja mzee aliyekuwa akitusaidia akaniambia nikae tena ndani ya gari kama nilivyokaa uwanjani. Akanitazama kwa upande kupitia dirishani, akacheka mpaka akashika mlango. "Kijana, hii siti ilitengenezewa mtu mwenye nywele. Wewe umekuja na sufuria kichwani."

Tangu siku ile nimekalia siti nyingi, ya dereva na ya navigeta (anayekaa kando ya dereva akimsomea njia), na anayenilalamikia shingo namuuliza swali moja tu: siku unapanga siti ulikuwa umevaa nini? Karibu kila mtu hujibu fulana na suruali ya kawaida.

Chanzo chake ni rahisi kukielewa. Helmeti inayofunika uso mzima ina kilo moja na nusu hivi, lakini uzito ni nusu tu ya shida. Ganda na sponji yake ni unene wa sentimita nne au tano kisogoni, na karibu kiasi hicho hicho utosini. Kiegemeo cha kichwa cha gari la kawaida kiliwekwa karibu na kisogo makusudi, ili gari likigongwa kwa nyuma kichwa kisirushwe mbali. Sasa wewe umechomeka sentimita tano katikati. Kuna kitu lazima kisogee, na siti imefungwa kwa bolti. Basi shingo ndiyo husogea.

Nazungumzia mbio tu: uwanja wa autokrosi, mkondo wa rali (kipande cha njia kinachopimwa muda), siku ya mazoezi mahali palipofungwa. Namna ya kukaa unapoenda sokoni ni habari nyingine.

Kabla ya siti, ikague helmeti

Siti haiwezi kutibu helmeti isiyokutosha. Ivae, funga kamba, ishike kwa mikono miwili ujaribu kuizungusha kulia na kushoto. Ngozi ya mashavu na nyusi zikienda nayo, inakutosha. Ikizunguka huku uso umetulia, ni kubwa, na hakuna siti itakayozuia isikushukie machoni kwenye matuta.

Helmeti ya bodaboda je? Wengi wetu tulianza nayo, na baadhi ya vilabu huikubali kwa anayeanza. Ila ijue tofauti. Helmeti ya gari yenye alama ya Snell SA, kwa mfano SA2020, hupimwa kwa moto na kwa kugonga chuma cha keji (mabomba yanayofungwa ndani ya gari la mbio kumlinda dereva), jambo ambalo ile ya pikipiki yenye alama ya M haikupimiwa. Tena helmeti nyingi za pikipiki zina kimkia cha plastiki kisogoni cha kupasua upepo. Kwenye pikipiki kinasaidia. Kwenye gari kinagota kiegemeo cha kichwa na kukuinamisha zaidi ya sufuria yangu ya siku ile. Ukiazima helmeti, pitisha mkono kwa nyuma kwanza. Kama kuna kimkia, tafuta nyingine.

Vaa kila kitu, hata kama majirani watacheka

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Vaa ovaroli, viatu vya mbio, glavu, balaklava (kofia ya kitambaa ya chini ya helmeti), helmeti, na HANS (kola ya kulinda shingo) kama unayo. Viatu vya mbio vina soli nyembamba, hivyo umbali wako na klachi unabadilika. Ovaroli ya tabaka mbili au tatu inakusogeza mbele kidogo. Glavu hubadilisha unavyoushika usukani. Ukipanga siti bila vitu hivyo umepanga siti ya mtu mwingine.

Fanya kazi hii asubuhi, kabla bati la gereji halijapata moto. Ukianza saa saba mchana utaikubali siti yoyote ilimradi uvue ile helmeti.

Tena mwite mtu. Mwambie asimame nje ya mlango akupige picha kwa simu, kwa upande, simu ikiwa usawa wa bega lako. Shingo yako huwezi kuiona mwenyewe, na mwili una tabia ya kuzoea mkao mbaya ndani ya dakika mbili na kukuambia mambo ni shwari. Picha haizoei. Angalia mstari wa sikio na bega: ukiwa umevaa helmeti, tundu la sikio liwe karibu juu ya bega. Likiwa limetangulia mbele kwa upana wa vidole vinne, umeshakosea kabla gari halijawashwa.

Anza na makalio, malizia na kichwa

Sukuma makalio nyuma mpaka yaguse pembe ya siti. Wengi hukaa mbele kidogo, pengo likabaki kiunoni, kisha wanashangaa mgongo kuuma. Kama pengo halizibiki hata ukisogea, kunja taulo dogo liweke pale kiunoni kwa majaribio. Likikufaa, mpelekee fundi wa kushona viti aliweke kama sponji ndani ya kitambaa, lisiwe kitu cha kuchomoka.

Sasa urefu. Ukiwa umekaa wima na umevaa helmeti, weka ngumi kati ya utosi wa helmeti na paa. Ngumi ikipita vizuri, uko salama. Vidole vitatu vilivyolala ndio mpaka wangu wa mwisho. Chini ya hapo naishusha siti au nabadilisha gari. Usisahau kwamba mkanda hurefuka unapovutwa kwa nguvu, na gari likitua vibaya kutoka kwenye tuta mwili hupanda. Helmeti inayogusa paa gari likiwa limeegeshwa itagongwa na paa gari likiwa mbioni, na kila pigo linashukia shingoni.

Kama siti yako ina wenzo wa kupandisha na kushusha, kama zilivyo Vitz na Demio nyingi, ishushe mpaka chini kabisa halafu uanze kupanda kidogo kidogo mpaka uione njia vizuri. Kama haina, kwa gari ambalo halirudi tena barabarani fundi anaweza kupunguza sponji ya kukalia kwa sentimita mbili tatu.

Wafupi wana shida kinyume. Siti ya chini inawaficha nyuma ya dashibodi, basi wanachukua mto wa nyumbani. Usifanye hivyo. Mto hunywea gari linapogonga, mkanda unalegea ghafla, na mwili unateleza chini yake. Ukihitaji kupanda, siti yenyewe ndiyo ipandishwe, au iwekwe sponji ngumu iliyoshonewa ndani.

Mgongo na kiegemeo cha kichwa

Kwenye siti ya kawaida, laza mgongo wa siti meno mawili nyuma kuliko unavyoendesha kila siku, basi. Yale meno mawili huipa helmeti nafasi na kuyarudisha macho usawa wa njia. Ukilaza zaidi mabega yataachana na siti, utaanza kujivuta kwa usukani, na kila kona itakuwa mazoezi ya tumbo.

Kisha pandisha kiegemeo cha kichwa mpaka katikati yake iwe usawa wa sehemu ya juu ya masikio. Gusisha helmeti. Inatakiwa ipumzike pale, isisukumwe. Ikisukumwa bado, laza jino moja zaidi na upime tena umbali wa mikono. Ikiendelea kusukumwa, hiyo siti si ya helmeti, na hakuna hila itakayoibadilisha.

Hila zenyewe nimeziona zote. Kuna anayechomoa kiegemeo na kukiacha kwenye buti, na kuna anayekigeuza nyuma mbele apate sentimita tatu. Najua kwa nini wanafanya hivyo, maana raha yake unaihisi papo hapo. Lakini kwenye autokrosi gari hukimbia peke yake, na ajali ya kawaida ni kuzunguka na kuingia kwenye matairi kinyumenyume. Hapo kichwa chenye kilo moja na nusu ya ziada kinarudi nyuma kutafuta cha kukizuia. Kama kiegemeo kiko kwenye buti, shingo ndiyo itakayokizuia.

Miguu, mikono, na unachokiona

Kanyaga klachi mpaka chini kabisa. Goti libaki limekunjika kidogo. Mguu ukinyooka kama fimbo, sogea mbele. Kanyaga breki kwa nguvu zako zote, si kwa adabu, uone kama makalio yanasukumwa nyuma au yanapanda. Yakipanda, uko mbali.

Mikono: mabega yakiwa yamegusa siti, nyoosha mkono juu ya usukani. Kiungo cha mkono, pale saa inapokaa, kilale juu kabisa ya duara. Kikifika kiganja tu, uko mbali. Ukifika nusu ya mkono, umebanana na utapiga viwiko tumboni kwenye kona za kuzungusha.

Halafu kuna jambo ambalo miongozo mingi haisemi. Helmeti inakata sehemu ya chini ya unachokiona. Dashibodi uliyokuwa ukiisoma kwa kushusha macho, sasa unaisoma kwa kushusha kichwa kizima. Kama usukani unapanda na kushuka, upange mpaka uone mshale wa mizunguko ya injini bila kuinama. Ukishindwa kabisa, bandika kipande cha utepe mwekundu pale mshale unapotakiwa kukomea. Rangi utaiona hata kwa pembe ya jicho. Vioo navyo vipange mwisho, ukiwa na helmeti, kwa sababu kichwa sasa kiko mahali pengine.

Mkanda wa kawaida

Kwa mkanda wa pointi tatu uliokuja na gari, kuna mbinu ya zamani ya autokrosi. Rudisha siti nyuma meno mawili, funga mkanda, uvute kwa ghafla mpaka ujifunge, kisha bila kuuachia sogeza siti mbele mpaka alama yako. Mwili unaingia kwenye mkanda uliokwisha kukaza, na unabaki umeshikwa kiunoni. Shingo itakushukuru, kwa sababu mtu asiyeshikwa kiunoni hujishika kwa mabega na shingo.

Usifunge mikanda ya pointi nne kwenye siti ya kawaida ndani ya gari lisilo na keji, hata kama inapendeza kwenye picha. Gari likipinduka na paa kushuka, mtu wa mkanda wa kawaida huweza kulala pembeni. Wewe umefungwa wima kama nguzo. Na bila mkanda wa kupita kati ya miguu, ile ya mabega huuvuta wa kiunoni upande tumboni. HANS nayo haifanyi kazi na mkanda wa pointi tatu, kwa kuwa inashikiliwa na mikanda miwili ya mabega.

Siti ya baketi

Hapa ndipo raha ya kweli ilipo. Siti ya mbio haina kiegemeo cha kichwa kinachojitokeza. Mgongo wake una nafasi ya helmeti tangu kiwandani. Ila haina wenzo pia. Ukiifunga vibaya, imefungwa vibaya mpaka utakapoifungua tena.

Soma kwanza karatasi ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, iliyoshonewa juu yake. Siti ya kiwango cha 8855-1999 huhesabiwa miaka 5 tangu tarehe ya kutengenezwa. Ya 8862-2009 huhesabiwa 10. Siti nyingi za mitumba zinazouzwa kwa bei ya kuvutia zilishavuka muda huo zamani. Kwa mazoezi ya klabu huenda usiulizwe. Kwenye ukaguzi wa rali utarudishwa nyumbani.

Kabla ya kutoa siti ya zamani, angalia pembeni mwake kama kuna nembo ya mfuko wa hewa. Kama ipo, chomoa betri, subiri dakika kumi, ndipo uguse waya wa chini ya siti.

Kanuni za FIA zinataka siti ishikwe kwa pointi zisizopungua 4, bolti zisizopungua milimita 8, na vyuma vya kushikia vya unene usiopungua milimita 3. Fundi wa weldi atakuambia chuma cha milimita mbili kinatosha, ameshakitumia kwenye mageti ya nusu ya mtaa. Geti halipinduki. Simamia milimita tatu.

Vyuma vya pembeni huja na matundu mengi, na matundu hayo ndiyo wenzo wako. Mimi huanza na mbele ikiwa juu kuliko nyuma kwa sentimita mbili au tatu, ili mapaja yashikwe na mwili usiteleze. Kisha nakaa na nguo zote, napigwa picha ya upande, nabadilisha tundu moja tu, napigwa nyingine. Moja tu. Ukibadilisha matundu mawili kwa pamoja hutajua lipi limekusaidia. Gari la sasa lilinichukua Jumamosi mbili, na kijana aliyekuwa akishika spana alianza kujificha kila aliponiona nimevaa ovaroli.

Siti zenye masikio, yale mabawa ya pembeni ya kichwa, zinataka uangalifu. Helmeti isiguse bawa ukiwa umetulia, lakini pengo lisizidi vidole viwili kila upande. Kichwa kikipata nafasi ya kuchukua kasi, bawa linakuwa ukuta. Geuza kichwa kama unayetafuta mwisho wa kona kali. Ukiona plastiki ya bawa badala ya kona, umezama mno ndani ya siti.

Halafu keji. Nyoosha kichwa upande wa mlango mpaka mkanda ukatae, mwenzako apime helmeti inafika wapi. Popote inapoweza kugusa chuma, panatakiwa sponji ngumu ya kiwango cha FIA 8857-2001. Ile ya kufunika mabomba ya maji ya moto inafanana nayo kwa rangi, lakini inanywea kwa kidole. Kwa kichwa ni kama haipo. Kama unaweza, isogeze siti nzima sentimita mbili kuelekea katikati ya gari. Na kwa kuwa tumefika hapo: gari lenye keji usiliendeshe barabarani bila helmeti. Kichwa kitupu na bomba la chuma lililo shubiri moja kutoka sikioni havipatani.

HANS na mikanda ya mabega

HANS ilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Robert Hubbard, mtaalamu wa mwendo wa mwili, akishirikiana na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mbio. Ni kola ngumu inayokaa mabegani chini ya mikanda, na kamba mbili zinaifunga kwenye helmeti ili gari linapogonga kichwa kisiende mbele peke yake huku mwili umezuiwa. Formula 1 iliilazimisha mwaka 2003, na leo hukuti rali kubwa bila yake.

Shida yake ni kwamba watu huinunua kwa saizi ya shingo na kusahau pembe. Ya nyuzi 20 ni ya anayekaa wima, yaani wengi wetu wa rali na autokrosi. Ya nyuzi 30 ni ya anayelala zaidi. Ukivaa ya 30 kwenye siti iliyosimama, kola inasukumwa na mgongo wa siti, inakuinamisha, na tumerudi kule kule kwenye sufuria. Jaribu hivi: kaa, funga mikanda, mwenzako apitishe karatasi kati ya kola na siti. Karatasi ipite. Miguu ya HANS ilale bapa kifuani, isining'inie na isichimbe mfupa wa bega.

Mpangilio wa kufunga ni huu: kiunoni kwanza, ukilaza mkanda juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Vuta mpaka uone haya. Pumua nje, vuta tena. Ndipo ya mabega. Anayeanza na ya mabega huuinua ule wa kiunoni mpaka kitovuni.

Mikanda ya mabega ipite kwenye matundu ya siti yaliyo usawa wa mabega au juu kidogo, kisha iende nyuma ikishuka kidogo tu. FIA inakataza kushuka kupita nyuzi 45, na inapendekeza isizidi 10. Nimeona gari limefungwa mikanda kwenye sakafu nyuma ya siti, karibu wima. Dereva wake alilalamikia helmeti nzito msimu mzima, kumbe mikanda ilikuwa inamgandamiza mabega kwenda chini kila alipogonga shimo.

Ukishakaza kila kitu, rudia kipimo cha mkono juu ya usukani na cha klachi. Lazima. Mikanda iliyokaza hukurudisha nyuma na kukuzamisha sentimita moja au mbili, na usukani uliokuwa karibu unakuwa mbali. Wengi hugundua hilo kwenye kona ya kwanza.

Navigeta

Siti ya kushoto hupewa muda uliobaki, na ni kosa. Dereva anatazama mbele. Navigeta anatazama kitabu mapajani, kisha njia, kisha kitabu, na helmeti inayumba na kila mtazamo. Chukua mikondo ya Safari Rally kule Naivasha tangu mbio zile ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021: mkondo wa Kedong mwaka ule ulikuwa na zaidi ya kilomita 30 za mawe na vumbi laini kama unga. Kusoma maandishi mwendo wote huo huku umeinamisha kichwa chenye kilo moja na nusu juu yake ni kazi ya kubeba zege.

Kwa hiyo usilete kichwa kwenye kitabu. Leta kitabu kwa macho. Mwekee ubao wa miguu imara, karibu kiasi cha kupandisha magoti. Inua mbele ya siti tundu moja zaidi ya ile ya dereva. Mapaja yakipanda, kitabu kinapanda, na macho tu ndiyo yanayoshuka. Mimi huweka mkono wa kushoto chini ya kitabu, ngumi ikiwa juu ya paja, kukiongezea kimo. Helmeti ya uso wazi inamfaa zaidi, maana ile ya kufunika uso ina ukingo wa kidevu unaoficha mistari ya chini ya ukurasa. Siti yake iwe chini na nyuma kuliko ya dereva. Hana haja ya kuiona boneti, na nafasi juu ya kichwa atafurahi nayo kwenye matuta.

Waya wa kuongea na dereva upitishwe upande wa katikati na uachiwe ulegevu wa kutosha kugeuza kichwa. Waya mfupi huvuta helmeti upande mmoja, kidogo sana, kwa saa nzima. Utadhani umelalia shingo vibaya.

Majaribio

Kaa dakika ishirini gereji, umefungwa na kuvalia kila kitu, injini imezimwa. Dakika tano hazitoshi. Mkao mbaya huanza kusema kuanzia ya kumi. Kisha tafuta kipande cha njia mbovu mahali paliporuhusiwa, uende polepole, na usikilize mwili.

Maumivu chini ya kisogo: kichwa kinasukumwa mbele, rudi kwenye kiegemeo au pembe ya HANS. Yakiwa juu ya mabega, mikanda inavuta chini au matundu ya siti yako chini mno. Kiuno kikiuma, makalio hayajafika nyuma. Paja likifa ganzi, ukingo wa mbele wa siti umepanda kupita kiasi. Helmeti ikigongagonga kiegemeo kwenye matuta madogo kama mtu anayebisha hodi, iko karibu mno bila kugusa; afadhali iguse kabisa au iachane nacho kwa vidole viwili.

Ukipata mkao, weka alama. Mimi hutumia rangi ya kucha ya mke wangu: mstari kwenye reli ya siti, mwingine kwenye wenzo wa mgongo, na mduara kwenye tundu la pembeni lililoshika bolti. Mdogo wangu tunayetumia naye gari moja yuko mrefu kuliko mimi kwa shubiri nzima, basi yeye ana rangi yake, buluu. Anayesafisha gari baada ya mbio lazima asogeze siti kutoa mchanga, na asubuhi ya Jumapili huwa hakuna anayekumbuka ilikuwa wapi.